Hakuacha Kazi Ndiyo Aandike: Stori ya Muhammed Said Abdulla, Babake Bwana Msa

Kama unaishi Kimumu unajua venye asubuhi hukaa. Baridi ya kukata masikio, wakimbiaji wanapita kando ya barabara ya Iten wakitoa mvuke mdomoni, na mat inajaza wasee wa kwenda town. Kuna mwenye anaenda kufungua duka la wenyewe, kuna mwenye anaenda mjengo, kuna mwenye amebeba begi ya chuo. Na nikikuambia katikati ya hao wote kuna mtu ako na riwaya nusu kwa lapi, usicheke. Huyo mtu ni mimi.

Chuo nilitoka kabla nimalize, karo ilinilemea. Siku hizi naandika vitu za watu. Leo ni maelezo ya viatu, kesho ni stori ya seleb mwenye ameachwa, keshokutwa ni faida kumi za parachichi. Riwaya yangu ya mauaji iko sura ya nne tangu mwaka juzi. Muuaji hajashikwa. Maiti bado imelala palepale nilipoiacha, maskini.

Na kila nikifungua simu nakutana na ushauri ule ule: acha hiyo kazi, fuata ndoto yako, ukibaki hapo utazeeka bure. Labda hata wewe umeambiwa. Ndio maana leo nataka nikupigie stori ya mzee mmoja wa Zanzibar. Hakuacha kazi. Alifanya kazi ya watu miaka 30, na bado ukiuliza mwalimu yeyote wa fasihi ni nani alifungulia Kiswahili mlango wa riwaya za upelelezi, jina la huyu mzee ndilo litatangulia.

Kutoka Makunduchi

Muhammed Said Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Kama hujawahi skia Makunduchi, huko ndiko kwa ile sherehe ya Mwaka Kogwa. Mwaka mpya wa wenyeji ukifika, wanaume wanachapana na migomba hadharani mpaka kinyongo cha mwaka mzima kinaisha, halafu kibanda cha makuti kinachomwa moto. Ni mahali dini imeshika kabisa, na bado mambo ya wazee, ya mizimu na pepo, hayajawahi kuhama. Shika hiyo, tutairudia.

Wakati huo Zanzibar ilikuwa na Sultani kwa kiti na Mwingereza nyuma ya kiti. Kijana alisoma, akamaliza shule 1938 akiwa na miaka 20, halafu akaingia kazi ya serikali kwa idara ya afya, upande wa ukaguzi. Hakuwa daktari. Alikuwa yule jamaa sisi huita bwana afya. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi.

Sasa wewe fikiria kazi ya bwana afya. Mtu yeyote mwenye kibanda cha chipo hapa Eldoret anajua moyo hupiga aje huyo mtu akitokea. Anaingia kwa uwanja wako bila kualikwa. Anachungulia kisima, choo, mtaro, pipa la taka. Anauliza swali na anajua unadanganya, kwa sababu mwenye amekujibu kabla yake amedanganya vilevile. Mambo yote mazuri yamewekwa mbele ya nyumba, na yeye amelipwa kuangalia nyuma.

Fanya hiyo kitu miaka kumi uone kama hutajua kusoma watu. Mimi naona huyu mzee alianza kuandika riwaya zake hapo, kabla hajashika kalamu.

Meza mbili, stori mbili

Mwaka wa 1948 akabadilisha gia. Akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kwa miaka kumi hivi iliyofuata akafanya pia kama mhariri msaidizi kwa magazeti mengine matatu: Al-Falaq, Afrika Kwetu na Al-Mahda.

Hapo usipite haraka. Al-Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilikuwa upande wa Waafrika. Na hii ni Zanzibar ya miaka ya 50, siasa inachemka, kila kikundi kina stori yake kuhusu kisiwa ni cha nani. Huyu jamaa amepitia meza zote mbili. Amesoma habari ileile ikiandikwa hivi huku na ikiandikwa vile kule. Kama umewahi kuwa kwa grupu mbili za familia wakati wa kugawa shamba, unajua naongea kuhusu nini.

Mtu wa riwaya za mauaji anahitaji hiyo kitu kuliko hata damu. Stori ya upelelezi ni watu watano wakieleza usiku mmoja, na kila mmoja anaeleza usiku wake.

Shindano la 1957

Kulikuwa na shirika linaitwa East African Literature Bureau, lilianzishwa 1948, makao yake Nairobi. Kazi yake ilikuwa kutoa vitabu kwa lugha za watu wa Afrika Mashariki. Ndilo lilivunjika na ile Jumuiya ya zamani 1977, na upande wa Kenya ukageuka kuwa Kenya Literature Bureau, wale wale wa vitabu vyako vya shule.

Sasa hilo shirika lilifanya shindano la kuandika hadithi za Kiswahili, la mwaka wa 1957 na 1958. Mzee wetu akaingia na hadithi ya mauaji, akachukua nambari moja. Miaka yake ilikuwa inagonga 40. Mimi niko kwa ishirini na kitu na tayari nimeanza kulia nimechelewa.

Kitabu kikatoka 1960. Jina: Mzimu wa Watu wa Kale.

Sitakuharibia, lakini nikuonjeshe. Mtu ameuawa. Maiti imepatikana kwenye mzimu, pale mahali watu wanaheshimu na kuogopa, penye wazee wao walikuwa wakipeleka shida zao. Kijiji ni kama kimeshamaliza kesi. Nani ataenda kuhoji mizimu? Jibu liko tayari, na ni jibu tamu kwa sababu halimshtaki mtu yeyote anayekula chakula.

Halafu anaingia jamaa mmoja na kiko mdomoni. Hana bunduki, hafukuzani na gari, hapigi mtu ngumi. Anauliza maswali, ananyamaza, anafikiria. Ako na rafiki yake, Najum, mwenye anamfuata akishangaa kama wewe na mimi. Huyo jamaa hapingani na mizimu. Anauliza tu: mkono wa binadamu ulikuwa wapi?

Huyo ndiye Bwana Msa.

Mtindo wa kuzaliwa Uingereza, damu ya Unguja

Hapa tuongee ukweli. Bwana Msa ana undugu na Sherlock Holmes, na hiyo si siri. Kiko, akili, rafiki wa kushangaa, yote hayo Holmes alikuwa nayo tangu Arthur Conan Doyle wa Uingereza atoe stori yake ya kwanza 1887. Na unajua Conan Doyle alikuwa nani kabla aandike? Daktari. Naye pia alikuwa mtu wa kazi.

Lakini usidhani mzee alichukua tu Holmes akamvalisha kanzu. Holmes anaishi kwa mji mkubwa, watu hawajuani. Bwana Msa ako kwa kisiwa penye kila mtu anajua babu ya kila mtu. Kwa kisiwa kama hicho huwezi kuficha sura yako. Unaficha nani ni mtoto wa nani, nani aliolewa na nani kabla ya nani, mali ilitoka wapi. Ndio maana ukisoma vitabu vyake vya baadaye utaona swali limesonga kutoka nani ameua nani mpaka nani ni wa nani. Kimoja kinaitwa Mke Mmoja Waume Watatu. Jina tu limeshakukalisha chini.

Na ile stori ya Makunduchi nilikuambia ushike, hapa ndipo inaingia. Angalia majina ya vitabu vyake viwili vya kwanza. Mzimu wa Watu wa Kale. Kisima cha Giningi. Giningi, kwa masimulizi ya Wazanzibari, ni makao ya wachawi na viumbe vya giza. Yaani mara mbili mzee ameweka mlangoni kile kitu watu wake wanaogopa zaidi, halafu akamtuma Bwana Msa aingie ndani na akili zake tu.

Ingekuwa rahisi kwake kucheka watu wa kwao, kuwaita washamba. Lakini kwa vitabu vyake hao watu ni watu kamili, wanaongea utamu, wana heshima zao. Mwenye anapata aibu ni yule anayetumia hofu ya wengine kujificha. Na hiyo, ndugu yangu, haijaisha 1960. Hata hapa kwetu mtu akifa vibaya, kabla polisi wafike tayari kuna mwenye amesema amerogwa. Jiulize hiyo stori inamsaidia nani.

Ujanja wa jina

Sasa nikuonyeshe kitu kidogo. Kwa watu wa Pwani, Msa ni Musa tu, jina la kawaida kabisa. Lakini chukua jina la mwandishi: Muhammed Said Abdulla. Toa herufi ya kwanza ya kila jina.

Umeona?

Kila mara msomaji alipomuuliza mwenzake kama amesoma Bwana Msa mpya, alikuwa anamtaja mwandishi bila kujua. Miaka ile mtu hakuwa na ukurasa wa kupostia kava, hakuwa na wafuasi wa kuomba walike. Mzee alikuwa na shindano la kumfungulia mlango, na mhusika mmoja anayerudi kitabu baada ya kitabu. Ukimpenda kwa kimoja, utamtafuta kwa kingine. Sisi leo tunaita hiyo kujenga brandi na tunalipia mafunzo yake. Yeye alifanya na herufi tatu.

Na kikazini? Mkulima

Utadhani baada ya kushinda shindano jamaa alitupa barua ya kuacha kazi mezani akaenda kukaa ufuoni aandike. Hapana. Mwaka wa 1958, mwaka uleule ana ushindi mfukoni, akachukua kazi mpya: mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo la Zanzibar.

Jarida la kilimo, buda. Wewe kama mimi umekulia Uasin Gishu unajua kusoma mambo ya kilimo inakuwa aje: mbegu, mbolea, mvua, bei ya gunia. Kule kwao ni minazi na karafuu. Bingwa wa hadithi za mauaji wa Afrika Mashariki nzima, mchana anahariri makala za shamba. Na hakukaa hapo mwaka mmoja. Alikaa miaka kumi.

Na hebu kumbuka hiyo miaka kumi ilikuwa gani. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakapiga Zanzibar, Sultani akakimbia, serikali ikaanguka kwa siku moja, watu wengi wakafa. Aprili ya mwaka huohuo Zanzibar na Tanganyika zikaungana. Watu wa magazeti na watu wa siasa walitawanyika. Mzee alibaki kwa Mkulima mpaka akastaafu 1968.

Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili ni miaka minane. Minane! Weka hiyo kando ya sura yangu ya nne ya tangu mwaka juzi, nipumue kidogo.

Akistaafu, ndio anaanza

1968 anafunga ofisi akiwa na miaka 50. Na mwaka huohuo Kisima cha Giningi kinatoka, na wachapishaji ni Evans Brothers wa London.

Halafu mambo yakafunguka. Duniani Kuna Watu, 1973. Siri ya Sifuri, 1974. Mke Mmoja Waume Watatu, 1975. Mwana wa Yungi Hulewa, 1976. Vitabu vinne kwa miaka minne, vyote vimetolewa Nairobi na East African Publishing House. Kwa hivyo ukiskia mtu akisema Bwana Msa ni wa Watanzania, mwambie polepole kwamba kazi ya kumleta duniani ilifanyika sana hapa Kenya.

Kitabu cha mwisho kilitoka 1984, na kinaitwa Kosa la Bwana Msa. Napenda hilo jina kuliko yote. Miaka zaidi ya 20 umejenga jamaa wa akili, hakuna kinachompita, halafu kwa kitabu chako cha mwisho unaandika kwa kava kwamba amekosea. Ni watu wachache wanaweza kufanyia shujaa wao hivyo. Conan Doyle alipochoka na Holmes 1893 alimsukumia kwa maporomoko afe, wasomaji wakakasirika mpaka baadaye akalazimika kumrudisha. Mzee wetu hakumuua wake.

Muhammed Said Abdulla alifariki Machi 1991, imebaki kidogo tu afikishe miaka 73.

Wenye walipita kwa huo mlango

Wakati mzee alikuwa bado ofisini, wengine walishaanza kupita. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo 1965. Elvis Musiba akaleta Willy Gamba, jasusi wa bunduki na ndege, na yeye mwenyewe Musiba alikuwa mfanyabiashara mkubwa, sio mtu wa kungoja pesa ya kitabu. Ben Mtobwa akaleta Joram Kiango, na alipochoka kungoja wachapishaji akafungua kampuni yake, Heko. Kila mmoja alitafuta njia yake ya kumfikia msomaji. Na ukiwaangalia vizuri, ni nadra sana kuona mmoja ambaye alikuwa anakula riwaya peke yake.

Sasa wewe na mimi

Najua unachotaka kusema, kwa sababu hata mimi nilijiambia. Mzee alikuwa na mshahara wa serikali. Alikuwa na uhakika wa mwisho wa mwezi. Sisi je? Mimi mwenyewe kuna mteja nilimwandikia kurasa 30, siku ya kulipa akabadilisha namba. Hakuna kustaafu kwa kazi yangu. Hakuna 1968 inaningoja mahali. Kwa hivyo sitakudanganya kwamba ukivumilia tu utafika. Uvumilivu wa mzee ulikuwa na mtu anaulipia.

Lakini kuna kitu kimoja hakikuhitaji mshahara. Hakuna kazi alifanya ikaenda bure. Ukaguzi ulimpa jicho la nyuma ya nyumba. Magazeti yakampa sikio la pande mbili. Na ukihariri mambo ya mbolea miaka kumi kwa ajili ya mkulima mwenye amechoka, utajifunza kuandika sentensi ambayo mtu anaelewa mara ya kwanza. Nikimsoma Bwana Msa naona hizo kazi zote zimekaa hapo, zimevaa kanzu.

Mimi nilikuwa naona ofisi na riwaya ni maadui. Kila faida ya parachichi niliyoandika, niliiona kama siku imeibiwa kwa kitabu changu. Halafu wiki iliyopita nikakaa chini nikahesabu ni nini najua ambacho mwandishi mwingine hajui. Najua venye stori ya uongo hutengenezwa mtandaoni mpaka ikae ukweli. Najua nani hulipia, hulipa ngapi, na huandika saa ngapi. Nimekaa ndani ya hiyo jikoni miaka mitatu. Na riwaya yangu, msee, haina hata mstari mmoja wa hiyo. Nimejaza mapolisi na bunduki ambazo sijawahi kuona.

Ndio maana maiti imelala mwaka juzi mpaka leo. Nilikuwa nataka Willy Gamba amfufue, na hapa Kimumu sina ndege.

Kwa hivyo kama wewe pia ako na kitu nusu kwa simu ama kwa kitabu cha hesabu chenye umeficha chini ya godoro, usiruke kwanza kuandika barua ya kuacha kazi. Angalia hiyo kazi yako ya kuchosha. Wewe wa boda unajua nani hushukishwa wapi usiku. Wewe wa emi-pesa unajua nani hutumia nani pesa na kwa siku gani. Wewe wa kinyozi, hata sisemi. Hizo ni siri, na riwaya ya upelelezi ni siri imepangwa vizuri.

Tafuta Mzimu wa Watu wa Kale usome kwanza. Kiswahili cha Unguja kitakusumbua kurasa kumi hivi, halafu kitakushika mkono. Ukimaliza, uliza mwenzako kama ameskia habari za Bwana Msa, na ujue ni nani umemtaja.

Mimi leo usiku stima isipopotea naanza sura ya tano. Mpelelezi wangu nimemfuta kazi ya polisi. Sasa anaandika faida za parachichi.